Shingo ya Royce Tackett

Wiki iliyopita mliniacha ukutani mkaenda zenu kunywa chai. Mimi nilikuwa bado palepale, kona ya tatu ya uwanja wetu wa mbio za magari wa Clinch Hollow, pua ya gari langu namba arobaini na moja imebonyea kwenye zege, moshi mweusi unapenya kwenye dashibodi, na waokoaji wanakuja mbio na mitungi yao ya kuzimia moto.

Mtu mwenye akili angefurahi kuwaona. Mimi nilimwomba Mungu wajikwae.

Kisa ni kitu kilichokuwa mabegani mwangu. Mlioanza nami mnakijua. Mliochelewa, kaeni niwaeleze kwa ufupi. Kuna kola moja ngumu ambayo dereva huivaa mabegani, chini ya mikanda ya kiti, na kamba zake mbili huishika helmeti, ili ukigonga kichwa kisitangulie mbele na kuiacha shingo nyuma. Sisi wa Clinch Hollow tuliibatiza jina la nira, kwa kuwa tulisema anayeivaa ni maksai. Na aliyelisema hilo kwa sauti kubwa kuliko wote, aliyeapa mwaka mzima kwamba babu yake aliendesha na fulana na sigara mdomoni, alikuwa Royce Tackett. Yaani mimi.

Na Jumamosi hiyo Royce Tackett alikuwa ameivaa nira.

Niliiagiza kwa posta, kimyakimya, baada ya kulibeba jeneza la Hobart Hensley, mwenye uwanja, aliyevunjika shingo kona hiyohiyo. Kifurushi kilipofika nilimwambia mke wangu, Nadine, kwamba ni kipuri cha trekta. Tangu hapo nilikuwa naivaa nikiwa peke yangu ndani ya gari, juu yake naweka ile pete ya sponji wanayovaa wazee wote shingoni, ambayo haizuii hata mafua, kisha juu ya pete najifunga taulo. Mafundi wangu niliwakataza kunikaribia nikijifunga mikanda. Niliwaambia nasali. Huku kwetu, milima ya Tennessee, hakuna anayemsumbua mtu anayesali, na msimu ulipofika katikati nilikuwa nimepata sifa ya ucha Mungu hadi mchungaji akanitaja kanisani.

Sasa wanakuja. Wakinitoa wao, wataiona.

Ndipo nikafanya jambo ambalo mtu asiye wa viwanja vyetu hawezi kulifanya. Dereva wetu akigonga, kama yu hai na ana fahamu, kitu cha kwanza ni kuushusha wavu wa dirishani. Wavu ukishuka, maana yake niko mzima, msikimbie. Ukibaki juu, uwanja mzima huacha kutafuna.

Nikaushusha wavu. Moto umeanza kulamba pedali, nami nawaambia watu wa kuzima moto wasije.

Wakanitii. Mbio zikawa mwendo, mwendo ukawa matembezi. Mmoja alisimama kabisa akafunga kamba ya kiatu.

"Royce, uko sawa?" akaniuliza kwa mbali.

"Niko sawa. Nenda kamwangalie mwenzangu."

"Mwenzako yupi? Umegonga peke yako."

"Basi nipe nafasi kidogo."

"Ya nini?"

"Nasali."

"Sali haraka basi, mzee. Buti zako zinafuka."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimekwisha kuzing'oa kamba kwenye helmeti, lakini nira ilikwama kwenye taulo, taulo likakwama kwenye pete ya sponji, na kidole changu cha mguu kilianza kunijulisha mambo ambayo sikutaka kuyajua. Niliivuta kwa mikono miwili, ikatoka, nikaisokomeza chini ya kiti. Kisha nikajirusha dirishani kama gunia, nikaangukia magoti, nikasimama, nikainua helmeti juu.

Jukwaa likalipuka. Nilikuwa nimegonga ukuta kwa mwendo ambao kila mtu aliujua, kwa sababu kipande cha zege kilikuwa kimeanguka upande wa pili, karibu na wauza soseji. Na huyu hapa amesimama, anapunga mkono, buti zinatoa moshi.

"Mabibi na mabwana," mtangazaji akasema kwenye spika, "hiyo ndiyo shingo ya Tackett. Haina kola, haina kamba, ina mifupa tu."

Wa kwanza kunikumbatia alikuwa Virgil Sizemore, rafiki yangu tangu shule, naibu wangu katika vita vya kuipinga nira, na mwenye gari la kuvuta magari mabovu.

"Shingo ya fahali," akasema, macho yamemlowa. "Sasa nani atatuambia kitu? Wewe nenda kapumzike, ndugu yangu. Gari lako nitalivuta mimi mpaka nyumbani kwako."

Nilimshukuru. Kumbukeni kwamba nilimshukuru.

Nilipogeuka nikakutana uso kwa uso na Opal Hensley. Huyu ndiye mjane wa Hobart, na tangu amzike mumewe uwanja ni wake. Yeye ndiye aliyetaka sheria mpya: asiye na nira asikanyage mbio. Aliutazama ukuta, akanitazama mimi, akarudi ukutani.

"Royce, umeponaje?"

"Mungu, mama."

"Mungu," akasema Opal taratibu. "Basi anakupenda kuliko alivyompenda Hobart."

Nilikwenda kuloweka mguu.

Jumatatu jioni tulikutana ukumbi wa wazima moto wa kujitolea, kwa ajili ya kura. Wanawake walileta maharage na mkate wa mahindi, kwa kuwa kwetu hakuna jambo zito linaloamuliwa kwa tumbo tupu. Uwanja ni wa Opal, lakini Hobart aliacha desturi: sheria ya usalama hupitishwa na madereva wenyewe. Kila mtu huja na helmeti yake. Anayekubali huinuka akaiweka mezani. Asiyekubali hubaki nayo mapajani.

Nilikuwa nimejiapiza kukaa kimya. Nitakula maharage, nitakaa nyuma, nitaiacha helmeti mapajani, nitakwenda kulala.

Opal hakuhutubia. Alisema, "Mnajua nililoliona. Helmeti mezani hapo." Kisha akakaa.

Wa kwanza kuinuka alikuwa binti yangu, Kaylene. Ana miaka ishirini na miwili, gari lake amelijenga mwenyewe, misimu mitatu amekimbia daraja dogo, na Jumamosi iliyofuata ilikuwa siku yake ya kwanza kuingia daraja letu la wakubwa. Nira alikuwa akiivaa bila kificho tangu siku ya kwanza, na tangu siku ya kwanza wenzangu walikuwa wakimlilia kama ng'ombe akipita. Mimi pia niliwahi kumlilia hivyo kidogo. Baba mzazi.

Akaiweka helmeti yake mezani. Ikakaa pale peke yake.

"Jamani," Virgil akainuka, "kabla hamjaenda mbali, tunao ushahidi hai humu ndani. Unakula maharage. Royce, simama."

"Acha nimalize."

"Simama, bwana. Waambie."

Wakaanza kupiga meza. Shingo, shingo, shingo. Na mimi, wasomaji wangu, nina ugonjwa mmoja usio na dawa: nikiitwa kwa makofi siwezi kubaki kitini.

"Ndugu zangu," nikasema, "mimi sina elimu ya haya mambo. Niligonga ukuta ule mbele ya macho yenu. Mkaniona nikitoka. Mnaniona sasa. Shingo hii hapa." Nikaizungusha kulia, nikaizungusha kushoto. Iliuma vibaya mno, nikatabasamu. "Kila mtu na aamue na Mungu wake."

Sikusema uongo hata neno moja. Niliuweka tu mezani wakajipakulia wenyewe.

Hakuna helmeti ya pili iliyowekwa. Vicheko, makofi, mtu akanipiga mgongoni nikaona nyota. Na katikati ya kelele hizo nilimwona Kaylene akirudi mezani. Aliichukua helmeti yake, akaitia kwapani, akatoka bila kula.

Sheria ilikufa hivyo, na aliyeizika alikuwa mtu aliyeokolewa na nira.

Jumanne asubuhi nilimkuta Kaylene kwenye karakana yetu, yuko chini ya gari lake. Ndoana alipokuwa akiitundika nira yake ilikuwa tupu.

"Iko wapi ile nira yako?" nikauliza, nikijitia hamnazo.

"Nimeiuza."

"Umeiuza?"

"Kwa kijana mmoja wa Kingsport. Asubuhi hii." Akajitoa chini ya gari, uso una mafuta. "Baba, misimu mitatu nimekaa mle ndani siwezi kugeuza kichwa nikaona nani yuko ubavuni. Nimechekwa. Nimeitwa ng'ombe. Nikajiambia sijali, kwa sababu ndiyo inayoniweka hai. Halafu wewe unagonga ukuta mpaka unavunjika, huna kitu, unatoka unapunga mkono. Sasa mimi niliyavumilia yale yote kwa ajili ya nini?"

"Mimi ni mimi. Shingo zinatofautiana."

"Mimi si Tackett?"

"Una shingo ya mama yako."

"Baba."

"Hobart je? Umemsahau Hobart?"

"Jana ulimsahau wewe."

Kwa mara ya kwanza tangu ukutani niliogopa, na si kwa ajili ya siri yangu. Niliona ile kona ya tatu, nikaona gari lake dogo la rangi ya machungwa, nikakaa juu ya ndoo.

"Kaylene, mwanangu, nisikilize. Nilikuwa nimeivaa."

"Umevaa nini?"

"Nira. Jumamosi. Nimeivaa tangu masika. Naificha chini ya taulo. Sisali mle garini, sijawahi kusali, najifunga kamba."

Nilitegemea hasira, nikajiandaa kwa matusi. Badala yake akaja akanibusu kwenye upara.

"Nakupenda, baba. Lakini usinidanganye ili niogope."

"Sidanganyi."

"Mwaka mzima wewe ndiye adui yake mkubwa. Mimi mwenyewe uliniita maksai kwenye siku yangu ya kuzaliwa."

"Nilikuwa nafunika."

"Ulifunika kwa nguvu sana."

"Tazama begani, kuna alama."

Nikafungua shati. Akatazama. "Hiyo ni ya mkanda. Hata mimi ninayo."

Nikamwita Nadine. Akaja anafuta mikono kwa aproni.

"Mke wangu, mwambie. Masika kililetwa kifurushi kwa posta, sivyo?"

"Kililetwa."

"Kirefu hivi, chepesi?"

"Ndiyo. Kipuri cha trekta."

"Si kipuri cha trekta."

"Wewe mwenyewe uliniambia ni kipuri cha trekta, Royce. Nikakuuliza mbona chepesi, ukasema siku hizi wanatengeneza vyepesi."

Kaylene akaangua kicheko. Njia ya mwongo ni fupi, wazee walisema, lakini hawakusema kwamba ukijaribu kurudi unakuta umeifunga mwenyewe.

"Sawa," nikasema. "Iko chini ya kiti. Njooni."

Tukaenda wote watatu nyuma ya nyumba, gari langu lilipokuwa limelala kama Virgil alivyoliacha. Nilipiga magoti, nikaingiza mkono chini ya kiti. Nikatoa glavu iliyoungua. Nikatoa kopo la tumbaku. Nikaingiza mkono tena hadi begani, nikapapasa mpaka nyuma. Hapakuwa na nira.

"Baba," Kaylene akasema kwa upole, na upole ule uliniumiza kuliko ukuta. "Inatosha."

"Nitakununulia nyingine leo hii."

"Nunua. Nitaivalisha mbwa."

Na hakutania. Mtoto wa nyoka ni nyoka, na mimi ndiye niliyemfundisha kwamba Tackett akishafunga mlango hafungui. Siku zilizobaki niliongea mpaka koo likakauka. Kila nilivyoapa ndivyo alivyozidi kunihurumia.

Jumamosi ikafika. Gari langu lilikuwa chuma chakavu, hivyo nilikuwa mtu wa kutembeatembea tu katika eneo la mafundi, huku watoto wananiomba waiguse shingo yangu. Niliwaacha waiguse. Ilikuwa bado inauma.

Karibu na lango la kuingilia uwanjani nikamwona Virgil amekaa tayari ndani ya gari lake, mikanda imefungwa, taulo kubwa la bluu shingoni. Nikampigia mluzi ili nimsalimie.

Virgil hakugeuza kichwa. Aligeuza kiwiliwili chote, mabega na kila kitu, kama mtu aliyeamka na shingo imekaza.

Nikasimama. Kugeuka kule nilikujua. Mimi mwenyewe niligeuka vile tangu masika.

"Salama, Virgil?"

"Salama tu, kaka. Nenda, nenda, nasali."

Nikaingiza mkono dirishani nikalivuta taulo.

"Funika," Virgil akanong'ona. "Funika, bwana, watu wanaona."

"Umeipata wapi?"

"Ilianguka kwenye gari langu la kuvuta magari."

"Ikaanguka, kisha ikapanda mabegani mwako."

"Royce, kaka yangu, nilipoiona nilielewa kila kitu. Na sikumwambia mtu. Jumatatu nilikuwa najua, nikakupigia makofi vilevile. Rafiki gani mwingine angekutunzia siri namna hiyo?"

"Ulikuwa unajua, ukanisimamisha?"

"Ulitaka kusimama. Usijifanye."

Hilo nalo lilikuwa kweli, na sikuwa na muda wa kulikasirikia. "Nipe."

"Baada ya mbio."

"Sasa hivi, Virgil."

"Nina wajukuu."

"Wakati unaigonga ile meza hukuwa na wajukuu?"

"Nilikuwa nao. Lakini nilikuwa nimekaa kwenye kiti, na maharage mbele yangu. Humu ndani mambo ni mengine, wewe unajua."

"Kaylene yumo kwenye mbio hizi. Hana kitu shingoni. Ameuza ya kwake kwa sababu yangu. Na yako."

Virgil aliacha kunong'ona. Alinitazama, akatazama mbele, akaanza kufungua kamba kwenye helmeti. Akanipa nira. Kisha akafungua mikanda yote, akatoka garini, akakaa juu ya tairi.

"Unafanya nini?" nikamwuliza.

"Siendeshi bila hiyo. Mimi si mwendawazimu."

Mwaka mzima mtu huyu, na mimi pamoja naye, tulikuwa tukiwaambia vijana hawaihitaji. Nilitaka kumpiga, lakini ingebidi nianze na mimi mwenyewe.

Nikakimbia. Ilikuwa nafasi nzuri: nira mkononi, Virgil wa kushuhudia, binti yangu angeamini kwa macho yake. Nilifika langoni mlinzi analifunga. Magari yalikuwa yamekwisha kutoka, yanazunguka pole kwa jozi nyuma ya gari la kuongoza, yanapasha tairi moto. La machungwa, namba kumi na nne, lilikuwa mstari wa tatu. Nilipunga nira juu kwa mikono miwili. Kaylene akapita, akaniona, akaniinulia kidole gumba.

Nikatazama juu. Kibanda cha mwamuzi kimejengwa juu ya nguzo, na njia ya kupanda ni ngazi ya chuma iliyosimama wima. Nilihitaji mikono yote miwili, kwa hiyo nikaitia nira shingoni nikapanda. Jukwaa zima lilikuwa linanitazama. Nikasikia kelele zikipungua, kisha mtu mmoja akalia kama ng'ombe.

Opal alikuwa kibandani, kipaza sauti mkononi. Aliiona nira mabegani mwangu. Hakushangaa, na hilo lilinichoma.

"Mzuie Kaylene," nikasema, pumzi hakuna. "Mtoe. Hana nira."

"Kwa sheria ipi, Royce?"

"Sheria yoyote. Wewe ndiye mwenye uwanja."

"Ilikuwapo moja ambayo ingemtoa. Jumatatu uliizungushia shingo, kulia na kushoto. Nilikuwa nimekaa mbele yako."

"Opal, nakuomba."

"Na mimi niliomba." Sauti yake haikupanda. "Nikimtoa yeye peke yake, nitamwambia amekosa nini? Madereva walipiga kura. Yeye ndiye pekee aliyekubali, halafu nimfukuze yeye?"

Magari yalipita chini yetu. Mshika bendera alionyesha kidole kimoja juu: mzunguko mmoja umebaki kabla ya kuanza.

"Basi nipe hicho," nikasema, nikionyesha kipaza sauti.

Kila dereva wetu huwa na kidude sikioni ambacho humletea sauti ya mwamuzi. Anasikia tu, hawezi kujibu. Opal alinitazama tena. Kisha akanikabidhi.

"Madereva," nikasema, na sauti yangu ikatoka kama ya mtu mwingine. "Huyu ni Royce Tackett. Jumamosi iliyopita nilikuwa nimevaa nira. Ndiyo iliyoniokoa, si shingo. Niliificha chini ya kiti. Nimeivaa tangu masika na nimewacheka ninyi mlioivaa. Virgil alikuwa ameivaa leo. Yuko pale amekaa juu ya tairi, muulizeni. Kaylene, toka. Ingia ndani, mwanangu. Nakuomba. Nitakuvisha mimi mwenyewe mbele ya watu wote."

Kisha kukawa na mngurumo wa injini tu.

Magari yalikuwa yanaingia kona ya tatu. Penye kona hiyo ndipo njia ya kutokea huanza, upande wa ndani. Nikaona pua ya gari moja ikishuka chini, ikatoka kwenye mstari. Lilikuwa jeupe. Likafuata jekundu. Halafu la bluu na jingine nyuma yake. Watu wazima, wenzangu wa meza ya maharage, walikuwa wanaingia ndani mmoja mmoja, na nilimwona wa kwanza akiruka nje kabla gari halijasimama sawasawa, anakimbilia trela lake, anatupa masanduku huku na huku, anatoka na nira mpya iliyokuwa bado kwenye mfuko wake wa plastiki.

Walikuwa nazo. Mungu wangu, walikuwa nazo.

La machungwa halikutoka.

Alikuwa amekwisha kuusikia wimbo huo Jumanne, kutoka kwa mtu aliyemlea, na hakuuamini. Angeuaminije sasa kwa sababu tu umeimbwa kwenye kipaza sauti? Alijua baba yake anaweza kusema lolote mbele ya watu.

"Mistari ijazeni," Opal akasema kwa kipaza sauti, kwa kuwa ndiyo kazi yake. "Walio nyuma wasogee mbele."

Wakasogea. Jeupe na jekundu ndiyo yaliyokuwa yamekaa mstari wa mbele, la bluu na mwenzake mstari wa pili. Nafasi zote hizo zilikuwa wazi, na nani anazijaza? Kaylene alikanyaga mafuta kidogo, akapanda mstari wa pili, akapanda wa kwanza, upande wa nje, ule unaopita karibu na ukuta. Siku yake ya kwanza daraja la wakubwa, na maneno yangu yalikuwa yamempeleka mbele ya watu wote.

Mshika bendera alinitazama kule juu, kama vile mimi ndiye niliyebaki na la kusema. Bendera ya kijani ikashuka, magari yakanguruma pamoja kuielekea kona ya kwanza, nami nikabaki kibandani na nira mabegani, salama kuliko mtu yeyote pale uwanjani.